Asiyeandika Hukadiriwa

Katika misemo ya wafanyabiashara wa Pwani hakuna unaotajwa kwa wepesi kuliko ule usemao kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na labda hakuna unaotendewa kazi kwa uchache kama huo. Maana ukipita katika maduka yetu ya rejareja, magengeni, katika vibanda vya mafundi cherehani na karakana za maseremala, utakuta kila mtu ameukariri, tena kwa ufasaha, ilhali daftari lenyewe ama halipo, ama lipo na limeandikwa madeni ya watu peke yake, ama liliandikwa vizuri mwezi wa kwanza wa duka na tangu hapo kurasa zake zimebaki nyeupe. Muradi wangu ni kusema kwamba hasara hiyo ya zamani, ya mali kupotea, leo imeongezewa nyingine iliyo nzito zaidi: mtu asiyeandika hesabu zake amempa mtu mwingine ruhusa ya kumwandikia, na huyo mwingine, awe afisa wa kodi, awe tajiri wa jumla, awe mdeni mwenye ulimi mwepesi, hana sababu ya kuandika kwa insafu.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi huiogopa bila ya kuisoma. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania Bara, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100, aghalabu hutozwa kodi ya mapato kwa kipimo cha mauzo yake na si cha faida. Na katika jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, kwa wenye mauzo yaliyozidi milioni 4 na yasiyozidi milioni 11, ziliwekwa safu mbili, moja ya walioweka kumbukumbu na nyingine ya wasioweka. Mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu alipangiwa shilingi 100,000. Jirani yake wa mauzo hayo hayo, aliyeandika, alipangiwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Mwenye mauzo ya milioni 8 asiyeandika alipangiwa 250,000. Aliyeandika, 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, jumla 120,000. Ni kweli kwamba tofauti hiyo hupungua kadiri mtu anavyokaribia kikomo cha daraja lake, hata mwenye milioni 7 kamili akaokoa 10,000 tu, na ni kweli kadhalika kwamba viwango hubadilishwa bajeti kwa bajeti, hivyo mwenye duka sharti aulize upya kila mwezi wa Julai. Lakini nia ya mtunga sheria ni bayana: daftari limewekewa thamani ya fedha, na asiye nalo ameamriwa kulipa thamani hiyo kutoka mfukoni mwake.

Wanaoumia zaidi ni wale walio chini kabisa. Ambaye mauzo yake hayakuzidi milioni 4 kwa mwaka hakupangiwa kodi yoyote katika jedwali hilo. Akiwa ameuza milioni 3 na laki 8, na kila siku imeandikwa, anaweza kusimama mbele ya afisa na kusema bila ya kutetemeka kwamba hadaiwi. Asipoandika, afisa atatazama rafu, atahesabu wateja walioingia katika nusu saa aliyokaa hapo, atauliza pango la chumba, kisha atamweka katika daraja la juu yake, na laki moja itamtoka mtu ambaye sheria ilikusudia kumwacha huru. Katika jambo hilo simlaumu afisa peke yake. Mtu hawezi kuombwa akubali maneno matupu, na kukadiria ndiyo kazi aliyopewa pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Husikika hoja kwamba kuandika ni kujifunga, kwamba kila tarakimu iliyowekwa katika karatasi ni shahidi atakayeitwa siku moja na serikali. Hoja hii ina asili yake, kwa maana wapo waliodhulumiwa. Ila haina nguvu mbele ya jedwali lile, wala haipatani na mila za pwani hii, ambayo haikuanza kuandika hesabu jana. Waislamu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni: inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye aitoe imla, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika likiwa dogo au kubwa. Wafanyabiashara wa Kihindu wenye asili ya Gujarati waliokaa nasi Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walikuwa na ada ya kufunga vitabu vya mwaka na kufungua vipya kwa ibada wakati wa Diwali. Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja kama Taria Topan waliwakopesha wasafiri wa bara, akina Tippu Tip, bidhaa za thamani kubwa ambazo malipo yake yalirudi baada ya miaka, na biashara ile, pamoja na dhulma kubwa ya utumwa iliyokuwa ndani yake ambayo hakuna wino uwezao kuisafisha, isingesimama hata msimu mmoja kwa kutegemea kumbukumbu ya kichwa. Anayesema kwamba daftari ni mtego ulioletwa na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996, amesahau alikotoka.

Wala haidaiwi elimu kubwa. Mtawa Luca Pacioli alipochapisha mjini Venice, 1494, maelezo ya namna ya kuandika kila muamala mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka, alikuwa akieleza kazi ya matajiri wenye marikebu na washirika wengi. Mwenye duka la chumba kimoja anaweza kuanza na daftari la kurasa mia mbili, rula na kalamu. Tuseme, kwa mfano, kwamba yuko mama mwenye duka la vyakula Barabara ya 12, Ngamiani, mjini Tanga. Ukurasa wake wa Jumatatu una safu nne alizozipiga mstari mwenyewe: taslimu iliyoingia, kilichokopeshwa, kilichonunuliwa au kugharimiwa, na kilichochukuliwa kwenda nyumbani. Katika safu ya pili kumeandikwa mama wa nyumba ya pili, unga kilo 2, atalipa Ijumaa; katika ya tatu kuna mkokoteni kutoka sokoni na umeme wa jokofu; katika ya nne, ambayo wengi hawaipigi mstari kabisa, kuna nusu kilo ya sukari, mafuta ya kupikia na nauli ya mtoto wa shule. Jioni anajumlisha, anahesabu fedha za kwenye droo, na zikipungua anaandika kwamba zimepungua. Kazi nzima haimalizi robo saa.

Sasa tazama mwaka wake. Ameuza shilingi 8,000,000, yaani kama 22,000 kwa siku, na kwa kuwa kila jioni hushika noti hizo mkononi, moyo wake humwambia kwamba anapata 22,000 kwa siku. Lakini mwaka ulianza na bidhaa za 1,200,000 dukani, akanunua nyingine za 6,100,000, na siku ya mwisho wa Desemba, alipohesabu kitu kimoja kimoja mpaka vibiriti, alikuta zimebaki za 1,400,000. Basi bidhaa zilizouzwa zilimgharimu 5,900,000, na faida ghafi ni 2,100,000. Pango la 60,000 kwa mwezi limekula 720,000, uchukuzi 240,000, leseni, umeme na usafi 280,000. Imebaki 860,000. Akilipa kodi ya aliyeandika kwa jedwali lile, 120,000, anasaliwa na 740,000, ambayo ni kasoro kidogo ya 62,000 kwa mwezi. Na ile 130,000 ambayo asiyeandika angelipa zaidi ni kubwa kuliko riziki yake ya miezi miwili. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba mauzo si pato, na kwamba kodi ya kukadiriwa, ambayo mbele ya mauzo huonekana haba, mbele ya pato ni jiwe.

Na bado hatujaitazama safu ya nne. Ikiwa mama huyu huchukua 5,000 kila siku kwa chakula cha nyumbani, jambo ambalo hakuna mwenye imani atakayemwona mbadhirifu kwalo, mwisho wa mwaka amechukua 1,825,000 kutoka katika duka lililompa 740,000. Hiyo 1,085,000 iliyozidi imetoka wapi? Imetoka kwa tajiri wa jumla, aliyempa mchele na sukari kwa mali kauli na kumwambia alipe akishauza. Rafu zimejaa, wateja wanaingia, majirani wanamsifu, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kilichomo dukani si chake. Siku tajiri atakapokataa kumwongezea, duka litafungwa, na watu watasema kodi imemuua, au jicho la hasidi. Kuchanganya mfuko wa duka na mfuko wa nyumba kumefunga maduka mengi ambayo wenyewe mpaka leo hawajui sababu. Ukiacha unafuu ule wa kodi, daftari haliwezi kuongeza faida yake hata kwa senti moja. Linaweza tu kumwambia mwezi wa Machi, wakati deni ni dogo na njia zingali wazi, jambo ambalo vinginevyo angeambiwa na dalali mwezi wa Desemba.

Simu nazo siku hizi zinaandika, hata kama mwenye duka haandiki. Anayepokea malipo kwa namba yake binafsi, ile ile inayopokea michango ya arusi, fedha za kikundi cha kina mama na shilingi anazotumiwa na mwanawe aliyeko Muscat, ameruhusu mambo manne yasiyohusiana yakae katika taarifa moja ya miamala. Na siku taarifa hiyo itakapowekwa mezani kama ithibati ya mauzo, itamwia taabu kueleza kwamba ile laki 6 ya mwezi wa Mei ilikuwa ya arusi. Lipa namba ya duka na iwe ya duka peke yake. Hili ni jambo la siku moja, na linatangulia katika kila ushauri ninaoweza kumpa mtu anayeanza.

Nije kwenye ankara, ambayo mafundi wetu wengi huidharau mpaka siku wanapopata kazi ya taasisi. Fundi cherehani aliyeshona sare za shule ya serikali za shilingi 1,500,000 hawezi kulipwa kwa maneno. Anatakiwa kuleta ankara yenye jina lake na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, jina la anayedaiwa, tarehe, namba ya ankara inayofuata ile iliyotangulia bila ya kuruka, idadi ya sare, bei ya moja, jumla, na siku ambayo malipo yanatarajiwa. Hiyo ni hati ya kudai. Risiti huja baada ya fedha kupokewa, na anayetoa risiti kabla ya kulipwa, kwa kuwa mhasibu wa upande wa pili amemsihi ili faili likamilike, amekubali kwa saini yake kwamba hadai kitu. Kisha, fedha zitakapoingia, atakuta 1,470,000, na hapo wengi hupandwa na hasira wakidhani wameibiwa. Kumbe ile 30,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 2, ambayo taasisi za serikali hukata katika bidhaa zinazouziwa na kuipeleka kwa jina la muuzaji. Ni fedha yake iliyotangulia kulipa kodi yake. Lakini isipodaiwa cheti, na cheti kisipohifadhiwa, itakuwa sadaka aliyoitoa bila ya kunuia.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo ina fitina yake. Haimhusu mdogo, maana tangu Julai 2023 mauzo yanayomlazimu mtu kujisajili ni milioni 200 kwa mwaka, na asiyesajiliwa hana haki ya kuiongeza katika bei yake hata kwa shilingi moja. Aliyesajiliwa anayeuza kitu cha 100,000 hupokea 118,000, na ile 18,000 ni amana ya watu aliyoshikishwa kwa muda, ambayo atatoa ndani yake kodi aliyolipa katika manunuzi yake ya biashara na kuipeleka inayobaki. Nimeona biashara zenye wateja wengi zikianguka kwa sababu amana hiyo ilinunuliwa bidhaa, au ilipelekwa katika msingi wa nyumba, na ilipodaiwa haikuwapo.

Katika maduka ya jumla mnunuzi huulizwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataka bei ya risiti au bei bila risiti, na mfanyabiashara mdogo, ambaye shilingi elfu kumi kwake si haba, huchagua ya pili na kujiona amepata nafuu. Namsihi afikiri tena. Siku mauzo yake yatakapovuka milioni 100 atatozwa kwa faida, na kila bidhaa aliyoinunua bila ya risiti itahesabiwa kana kwamba ilimfikia bure, na atatozwa kodi juu ya fedha aliyoitumia kama ni fedha aliyoichuma. Anayechukua risiti naye asidhani kazi imekwisha kwa kuitia katika mfuko wa plastiki na kuuning'iniza msumarini. Karatasi za mashine za risiti, ambazo nchini zilianza kutumika 2010, huandikwa kwa joto. Zikikaa juani au karibu na jiko maandishi hufifia, na baada ya miezi kadhaa hubaki vipande vyeupe ambavyo haviwezi kuthibitisha lolote, ilhali sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5. Zipigwe picha siku ile ile, au zitolewe nakala.

Wenzetu wa Kenya wameshafika mbali zaidi katika njia hii: tangu Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya kielektroniki hayakubaliwi, ila kwa yaliyosamehewa, kupunguza pato linalotozwa kodi, na kodi yao ya mauzo, asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 za Kenya, hulipwa kila mwezi kabla ya kupita tarehe 20. Mwenye duka wa Horohoro, upande wetu wa mpaka, anayedhani kwamba mambo hayo yatakomea Lungalunga, upande wao, anajidanganya.

Hata hivyo nisingetenda haki kama ningemtwisha mwenye duka mzigo wote. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na walipofunga tena Juni 2024, malalamiko yao yalikuwa, pamoja na mengine, juu ya namna kodi inavyokusanywa. Na katika malalamiko ya aina hiyo ninasikia jambo ambalo serikali ingelimaliza kwa gharama ndogo. Tumejenga utaratibu unaomwadhibu asiyeandika, na hatukujenga mahali pa kumfundisha kuandika. Kijana hufunzwa shuleni mambo mengi yenye manufaa, kisha anakata leseni ya biashara, anapewa namba ya mlipakodi, anaambiwa tarehe za awamu nne, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na hakuna hata mmoja katika madirisha yote aliyopitia aliyemwonyesha ukurasa wenye safu nne. Halmashauri inayopokea ada ya leseni ingeweza kumpa daftari lililopigwa mistari tayari, na saa mbili za mafunzo kwa Kiswahili sahali. Napendekeza hivyo kwa dhati, na napendekeza mafunzo hayo yatolewe sokoni, alasiri, wakati biashara imepoa, na mtu aliyewahi kuuza, maana mwenye duka hatafunga duka kumfuata mwalimu katika ukumbi wa mkoa.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni heshima ya daftari hilo likishaandikwa. Hakuna kitakachowarudisha watu gizani upesi kama mama wa Barabara ya 12 kuleta kurasa zake 365, zenye siku za mvua zilizouza 4,000 na siku ya kuamkia Idi iliyouza 90,000, na afisa akazifunika bila ya kuzisoma na kumkadiria kama angemkadiria asiye na kitu. Sheria imempa mama huyo siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi kwa maandishi. Lakini imemtaka pia, asipoondolewa sharti hilo, alipe kwanza ile sehemu asiyoipinga au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi, na mwenye pato la 62,000 kwa mwezi hapati theluthi hiyo kwa wepesi. Kwa hiyo afisa anayelikataa daftari la mfanyabiashara mdogo na alazimishwe kuandika, katika ukurasa wa mwisho wa daftari lenyewe, kwa Kiswahili, ni siku zipi asizozikubali na kwa sababu gani, kisha atie jina, tarehe na saini, ili siku 30 zile zianze na mwenye duka akiwa na kitu cha kujibu.